Juu na Bondeni: Kuhamishwa kwa Watu wa Rufiji, Ng'ambo na Bethnal Green

Kibiti imekua kwa kuufuata mstari wa lami. Mji uko kama kilometa 140 kusini mwa Dar es Salaam, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na kila kilichoongezeka hapo kimetaka kuwa karibu na barabara hiyo: maduka ya vifaa vya ujenzi, vijiwe vya bodaboda, nyumba za wageni, meza za korosho, magunia ya mkaa yanayongoja lori. Ukiiacha lami ukashika njia ya Nyamisati, unafika kwenye gati ambako mwenye kauli ni maji, yakijaa watu wanaondoka, yakipwa wanakaa. Kutoka hapo mashua zinakwenda Mafia, na vyombo vidogo vinakwenda kwenye visiwa vya delta ya mto Rufiji, Msala, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni. Nazo ni kata za Wilaya ya Kibiti hiyohiyo, zinazopokea maagizo kutoka ofisi ileile. Mjamzito wa Kibiti mjini akishikwa na uchungu usiku hupandishwa bodaboda. Mwenzake wa Kiongoroni hungoja maji yajae ndipo chombo kielee.

Tofauti hii huelezwa haraka kuwa ni umaskini wa delta, na maelezo hayo hayanitoshi. Watu wa bonde la chini la Rufiji hawakuwa siku zote mkiani. Boriti za mikoko yao zilibeba dari za nyumba za Unguja na zikavuka bahari hadi Omani na nchi za Ghuba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, takriban mita 3, kwa sababu boriti haikuwa na urefu wa kubeba zaidi. Bonde lilijilisha na kuuza mchele. Kilichowaweka watu wake mkiani, kwa maoni yangu, ni wazo moja kuhusu mahali panapomfaa binadamu kuishi. Wazo hilo liliwafikia kwa nguvu mwaka 1968 na halijaondoka mpaka leo. Linasema kwamba maisha bora yako juu, penye ardhi kavu na nyumba zilizopangwa kwa mistari.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Rufiji. Katika miaka ileile lilikuwa linabomoa nyumba za Ng'ambo, Unguja, na kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kuhamisha familia za vibarua wa mashariki ya London. Mahali patatu hapa hapakujuana, isipokuwa kwa zile boriti za Rufiji zilizosimamisha kuta za Ng'ambo. Ila ukiyaweka matukio yao bega kwa bega, kila moja linaonyesha kitu ambacho mawili mengine yanakificha.

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika na mazao yakaenda na maji. Serikali ikaleta chakula cha msaada, na pamoja na chakula ikaleta uamuzi kwamba watu wa bondeni wahamie ardhi ya juu, kwenye vijiji vipya vya ujamaa. Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa, wakati Azimio la Arusha halijapita miaka miwili, na agizo la kuwataka wananchi wote wahamie vijijini lilikuwa bado, kwani lilikuja Novemba 1973. Hoja ya Mwalimu Nyerere inajulikana: watu waliotawanyika hawawezi kupelekewa shule, zahanati wala maji ya bomba. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, nami siwezi kuipuuza. Bondeni watoto hawakuwa na shule, na aliyeumwa na nyoka au kushikwa na homa kali hakuwa na pa kukimbilia. Vijiji vya juu vililetewa madarasa na dawa, na watu walivipenda vitu hivyo.

Lakini walichoacha nyuma hakikuingizwa kwenye hesabu. Bonde la Rufiji ni shamba lenye kalenda yake. Mpunga hupandwa mvua zinapoanza, ukue pamoja na maji yanayopanda wakati wa masika. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba, na katika unyevu huo watu hupanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua nyingine. Mto ukifurika unayajaza maziwa ya kandokando, Uba, Ruwe, Zumbi na mengineyo, na maji hayo huleta samaki wapya. Mwaka usio na mafuriko kabisa ni mwaka wa njaa, sawasawa na mwaka wa mafuriko yaliyopita kiasi. Mrufiji hakuwa mtu aliyekosa akili ya kukimbia maji. Maji ndiyo yaliyokuwa yanamlimia.

Ndiyo maana akajenga dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, chenye sakafu ya fito na ngazi ya kupandia. Familia hukaa humo miezi ya mpunga, ikifukuza ndege mchana na nguruwe na viboko usiku, na maji yakipanda hupita chini, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Madungu ya jamaa na majirani huwekwa mahali panapoweza kusikiana, kwani sauti ndiyo ulinzi wa usiku. Msimu ukiisha, watu hupanda juu kwenye nyumba zao za udongo, kwenye miembe na mikorosho. Kwa maana hiyo familia moja ilikuwa na mitaa miwili na majirani wa aina mbili, wa juu na wa bondeni, na aliyekuwa mbali nawe wakati wa kiangazi huenda ndiye aliyekuwa wa karibu kuliko wote wakati wa masika.

Sitaki kulipamba bonde. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji, na baadhi yao walikutwa kwenye vibanda vya mashambani. Mamba wapo, na mbu wapo kuliko mamba. Hata hivyo mfumo wa nyumba mbili ulikuwa jibu la muda mrefu kwa mahali penye hatari na neema kwa pamoja, na serikali ya 1968 iliuona kama ukaidi. Watu waliohamia juu hawakuweza kuacha kulima bondeni, kwa kuwa mchanga wa juu hauzai mpunga. Wakaanza kutembea masafa marefu kwenda na kurudi. Shule ikawabakiza watoto juu wakati wazazi wako kwenye madungu, kwa hiyo nyumba iliyokuwa ikihama nzima ikagawanyika. Mashamba yaliyokosa walinzi wa kutosha yakaliwa na nguruwe. Mto ukafurika tena kwa nguvu mwaka 1974, ukafurika wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kila mara watu walikutwa bondeni, na kila mara viongozi walishangaa kuwakuta huko.

Sasa tuvuke bahari. Ng'ambo ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliowahi kuutenga Mji Mkongwe wa Unguja, kabla haujafukiwa hatua kwa hatua katika karne ya ishirini. Upande mmoja ulikuwa na nyumba za mawe za matajiri na maofisa. Upande wa pili waliishi watumwa walioachwa huru, mafundi, wachukuzi na wahamiaji, katika nyumba za udongo na boriti zilizoezekwa makuti. Wakoloni waliiita sehemu ya vibanda. Wenyewe walikuwa na mitaa yenye majina, misikiti, vikundi vya taarabu na ngoma, na mshikamano uliotosha kuendesha mgomo wa kodi ya ardhi mwaka 1928. Siti binti Saad, sauti iliyosikika kwenye sahani za santuri kote pwani, alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Rais Abeid Amani Karume aliamua kwamba watu waliodharauliwa kwa miaka mingi wapewe nyumba za kisasa. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walichora mpango, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 nyumba za Ng'ambo zikaanza kubomolewa kupisha majumba ya maendeleo ya Michenzani, majengo ya ghorofa yenye urefu unaokaribia mita 300, yaliyopangwa kama msalaba kuzunguka njia panda. Nia ilikuwa tukufu. Mpango mzima ulikuwa wa haki, kwa kuwa mtoto wa mchukuzi naye alikuwa apate choo cha ndani na umeme. Karume aliuawa Aprili 1972, na kasi ya ujenzi ikapungua.

Kilichopotea Ng'ambo ni tofauti na kilichopotea Rufiji. Hakuna shamba lililoachwa mbali. Kilichopotea ni baraza na ua. Baraza ni kiti cha saruji au udongo mbele ya nyumba, mahali ambapo mwanamume hupokea wageni bila kuwaingiza ndani, habari hupita, na mgonjwa wa nyumba ya tatu hujulikana kabla ya magharibi. Ua ni nyuma, dunia ya wanawake, penye jiko, kamba ya nguo, kinu na mazungumzo na jirani juu ya ukuta. Nyumba ya Kiswahili iliyagawa maisha hivyo, mbele kwa mtaa na nyuma kwa familia. Ghorofa ya tano haina mbele wala nyuma. Ina ngazi, na maji ya bomba yalipokosa nguvu ya kupanda juu, ngazi hiyo ikawa kazi ya kila siku ya wanawake na watoto wenye ndoo. Watu wa Michenzani wamejitahidi: wameweka meza chini ya majengo, wamefungua maduka, wameteremsha baraza mpaka uwanjani. Nasema hivi kwa kuwaheshimu. Walipewa jengo, mtaa wakautengeneza wenyewe.

Tukio la London lina faida moja ambayo mawili ya kwetu hayakuipata mapema: lilichunguzwa likiwa bado moto, na uchunguzi ukasomwa na watu wa kawaida. Mwaka 1957 Michael Young na Peter Willmott walichapisha kitabu kuhusu familia za Bethnal Green, mtaa wa vibarua wa mashariki ya London, na kuhusu wenzao waliohamishiwa kwenye nyumba mpya za serikali nje ya jiji, katika Essex. Bethnal Green ilikuwa na nyumba zilizobanana, vyoo vya nje na moshi. Nyumba mpya zilikuwa na bafu, bustani na hewa. Young na Willmott waligundua kwamba uzi ulioushona mtaa wa zamani ulikuwa mama. Binti aliyeolewa aliishi mitaa miwili kutoka kwa mama yake, alionana naye karibu kila siku, na kupitia mama alijuana na nusu ya mtaa. Alipohamia Essex, nauli na umbali vikamkata. Watu waliokuwa wakisalimiana mlangoni wakaanza kuangaliana kwa mapazia, gari na runinga. Huko Marekani, Herbert Gans na Marc Fried waliandika mambo yanayofanana na hayo kuhusu West End ya Boston, iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950. Fried alieleza huzuni ya waliohamishwa kuwa ni ya namna ya msiba.

Kwa hiyo sehemu tatu zimepoteza vitu vitatu. Bethnal Green ilipoteza ukaribu wa mama na binti. Ng'ambo ilipoteza mgawanyo wa ndani na nje ulioufanya mtaa uwe na adabu yake. Rufiji ilipoteza majira, yaani haki ya kuishi mahali pamoja kwa miezi kadhaa na pengine kwa miezi mingine. Naona hasara ya Rufiji ndiyo ngumu kuliko zote kueleweka na ofisi yoyote. Mpimaji wa ardhi anaweza kufundishwa kuchora baraza. Anaweza hata kuambiwa asimtenge binti na mama yake. Lakini fomu ya serikali ina nafasi moja tu ya anwani, na Mrufiji ana anwani mbili, na moja kati ya hizo huenda chini ya maji kila mwaka kwa faida yake. Fasihi yetu nayo imeligusa jambo hili kwa mbali. Riwaya maarufu ya Kiswahili kuhusu vijiji vya ujamaa, *Gamba la Nyoka* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1979, imetazama mambo kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Bonde lililotangulia kuonja operesheni bado linangoja riwaya yake.

Kuna jingine linaloitenga Rufiji na wenzake. Huko London na Unguja kuhamishwa kulitokea mara moja kukaisha. Rufiji kumerudiwa tena na tena, na kila mara pengo kati ya juu na bondeni limepanuka. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Ndundu mwaka 2003, lenye urefu unaokaribia kilometa moja, liliua pantoni na foleni zake, jambo jema lisilo na ubishi. Liliipa lami nguvu mpya pia. Fedha, walimu, waganga na vijana vikaelekea barabarani, na delta, ambayo zamani ilikuwa njia kuu kwa watu wa majahazi, ikawa nyuma ya nyumba. Mikoko yake, hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko mingine ya aina hiyo Afrika Mashariki, inahifadhiwa kisheria tangu enzi ya Wajerumani, na ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliyotambuliwa na mkataba wa Ramsar mwaka 2004. Nchi inajivunia msitu huo. Wanaoishi ndani yake husikia habari zake hasa anapokuja ofisa wa misitu kuuliza nani amekata.

Halafu ukaja woga. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na askari waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Polisi Rufiji, na bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku. Hakuna kipimo cha maisha bora kinachouliza kama mtu anathubutu kufungua mlango baada ya magharibi, au kama mwenyekiti wa kitongoji analala nyumbani kwake. Miaka ile, vijiji vilivyojengwa ili watu wawe karibu na huduma na karibu wao kwa wao viliona jirani akigeuka mtu wa kutiliwa shaka. Hali imetulia tangu hapo. Imani ya jirani kwa jirani hairudi kwa tamko la mkuu wa wilaya, nayo inastahili kuhesabiwa pamoja na lami na umeme tunapouliza maisha ya Kibiti yamepanda au yameshuka.

Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 22, 2022. Linasimama juu ya bonde hili, kwenye korongo la Stiegler. Masika ya 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya. Muhoro na vijiji vingine viliingiliwa na maji, na maelfu ya ekari za mazao zikaharibika. Wananchi wengi walilaumu maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilijibu kwamba mvua zilizidi mno na kwamba pasipo bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika, na wito ukawa uleule wa 1968: hameni bondeni, nendeni juu. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilikata barabara kuu eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa wasafiri wa lami nao walikaa ukingoni mwa maji wakingoja kuvuka, kama watu wa delta wanavyongoja kila siku.

Wito huo tumeusikia hata Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na waathirika wa Jangwani na bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Wengine walibaki huko wakajenga. Wengine waliuza kiwanja wakarudi mjini, kwa kuwa riziki yao ilikuwa Kariakoo, umbali wa miguu kutoka Jangwani, na nauli ya Mabwepande ilikuwa inakula mtaji wa biashara. Aliyerudi alionekana mkaidi. Ni neno lilelile alilopewa mtu wa dungu.

Nikiulizwa kama watu waondolewe kwenye hatari, nitajibu ndiyo, hasa wazee, wagonjwa na watoto wadogo, na hasa sasa ambapo mto una mlango unaofunguliwa na binadamu. Ninachokataa ni ramani inayoishia juu. Kijiji kipya cha mwinuko kingepaswa kupimwa pamoja na njia yake ya kushukia mashambani, gati la mitumbwi na ghala la mpunga, na shamba la bondeni liandikwe kwa jina la mwenyewe pamoja na kiwanja cha nyumba, ili kupokea kimoja kusiwe kukana kingine. Likizo za shule za bonde zingeweza kufuata mavuno badala ya kalenda iliyopangwa kwa nchi nzima. Na dungu lingestahili mhandisi anayelisomea, alikaze nguzo, alitafutie paa linalozuia mbu, kama alivyotafutwa mhandisi wa ghorofa.

Lililo zito kuliko yote ni bwawa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mto huu wapo watu wanaoweza kujua kabla, angalau kwa kadiri, ni maji kiasi gani yatashuka. Mkulima wa Rufiji hahitaji mto mkavu, kwa kuwa mto mkavu utamuua kwa njia nyingine: maziwa yatakosa samaki, tope halitafika, na chumvi ya bahari itapanda kwenye mashamba ya delta. Anahitaji furiko la kiasi, lenye tarehe. Wanaoendesha bwawa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wangekaa na wakulima kabla ya kila msimu, wakakubaliana kiasi na wakati, na makubaliano hayo yakabandikwa kwenye mbao za ofisi za vijiji, Muhoro na Mbuchi zikiwemo, mbegu ya mpunga ikiwa bado ghalani.